Uzi maalumu wa Subaru kwa watu wa Kusini: historia yake, raha yake na bili yake

Kilimia_Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kutoka Mtwara.

Minada ya korosho ikishaanza, swali moja hurudi kwenye kila grupu: pesa ipo, ninunue Subaru au nisinunue? Majibu huwa mawili. Mwenye nayo anasema haiuzi hata kwa dawa. Asiye nayo anasema inachemsha, inakula mafuta na spea hakuna. Wote wana ukweli, na ukweli wao unatoka sehemu moja: jinsi gari lenyewe lilivyoundwa. Naanza na historia, mafundi watashika usukani.

Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia, lile ambalo wakulima wa pwani walilitazama kujua majira: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa Wajapani neno hilo lina maana ya kukusanyika pamoja. Sasa tazama nembo: nyota kubwa 1, ndogo 5. Mzizi wa kampuni ni kiwanda cha ndege cha Nakajima, kilichoanzishwa na Chikuhei Nakajima mwaka 1917. Baada ya Vita Kuu ya Pili Japani ilizuiwa kuunda ndege na kiwanda kikavunjwa vipande. Mwaka 1953 ikazaliwa Fuji Heavy Industries, na kampuni 5 zilizotokana na vipande vile zikaungana ndani yake. Rais wake wa kwanza, Kenji Kita, ndiye aliyechagua jina la gari. Kampuni yenyewe ilikuja kuitwa Subaru Corporation mwaka 2017 tu.

Wahandisi wa ndege wakajikuta wanaunda skuta, kisha kigari kidogo kinachoitwa Subaru 360 mwaka 1958. Mwaka 1966 ikatoka Subaru 1000 yenye injini ya boksa mbele, yaani injini ambayo pistoni zake zimelala. Hapo ndipo ukoo ulipoanzia. Mwaka 1972 wakaiweka Leone sokoni ikivuta kwa magurudumu yote 4. Wazo lilitokana na kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, iliyotaka gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye laini wakati wa theluji bila kuwatesa ndani ya gari la jeep. Yaani gari hili lilizaliwa kwa ajili ya mtu wa kazi kwenye njia mbovu. Legacy ikaja mwaka 1989 na injini za ukoo wa EJ, Impreza 1992, Forester 1997.

Sifa haikuja bure. Ilipoingizwa Marekani mwaka 1968, hiyo 360 ilipimwa na jarida la walaji la Consumer Reports na kupewa hukumu ya "haikubaliki", kwa wepesi wake na udhaifu wake kwenye ajali. Sifa ya leo ilitafutwa kwenye vumbi na theluji: ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, Richard Burns naye akaishinda ya 2000. Kabla yao, mwaka 1993, Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari na Vivio, kigari cha cc 660, akashinda daraja lake.

Karibuni. Naomba tusilete hadithi za "shemeji yangu alikuwa nayo". Tuseme kinachoharibika, kwa nini, na kinatengenezwaje.

---

IST_Haifi

Nunua Toyota ulale.

---

Mtani_wa_Masasi

@IST_Haifi mtani, Toyota ana hisa 20% ndani ya Subaru. Alianza kununua mwaka 2005. Na ile GT86 ya Toyota ilikuwa inaundwa kwenye kiwanda cha Subaru kule Gunma, injini yake ni boksa. Utalala lakini kwa jirani.

---

FundiBoksa_Ligula

Heshima kwako mwanzisha uzi. Niongeze kitu kwenye historia yako, maana ndicho kinachozaa bili.

Kwenye injini ya kawaida pistoni zimesimama. Kwenye boksa zimelala, 2 kulia na 2 kushoto, zinakwenda kinyume kama mabondia. Uzito unakaa chini, gia boksi inanyooka nyuma ya injini, shafti za kulia na kushoto zinalingana urefu. Ndiyo maana gari halilali kwenye kona na halivuti upande ukikanyaga mafuta. Wanaolisifu wanasifu hicho, hata kama hawajui jina lake.

Sasa upande wa pili. Injini imelala, kwa hiyo oili inakaa kwenye ukingo wa chini wa kava la tapeti. Gasketi ikikakamaa oili inadondokea moja kwa moja kwenye bomba la eksozi, ndiyo ile harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa. Hedi ziko 2, gasketi za hedi 2, kava za tapeti 2. Chochote unachofanya kwenye injini nyingine mara 1, hapa unafanya mara 2. Plagi ziko ubavuni, zinatazama chasisi. Fundi asiye na ekstensheni fupi na jointi ya kuzunguka atakwambia "plagi bado nzima" kwa sababu hazifikii.

Plagi zinabadilishwa hivi: upande wenye betri, toa betri na trei yake, na chupa ya maji ya waipa kama inazuia. Upande wa pili toa boksi la ea klina. Vuta kofia za waya kwa kuzungusha, usivute waya wenyewe. Kabla ya kufungua plagi puliza mchanga kwa hewa, maana vumbi letu jekundu hujaa kwenye zile tundu. Ukikuta oili ndani ya tundu la plagi, tatizo ni sili za mirija ya plagi, agiza pamoja na gasketi za kava. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Silinda 1 na 3 ziko kulia ukiwa umekaa kwenye kiti, 2 na 4 kushoto. Wengi wanachanganya hapa na gari linapiga misi.

---

DadaShangani

Fundi samahani, mkanda wa taimingi. Kila mtu ananipa namba yake, 60,000, 100,000, wengine wanasema hadi ukatike. Forester ya 2004, cc 2000, haina tabo (turbo).

---

FundiBoksa_Ligula

@DadaShangani dada yangu, anayesubiri ukatike anasubiri kununua hedi. Kwenye injini hizi mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni.

Forester yako ina EJ20, ya cc 1994. Hesabu ya kiwanda kwa Japani ni km 100,000. Lakini mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki, kwa hiyo gari la 2004 ambalo hujui historia yake badilisha siku unayolipokea, odomita isome itakavyosoma. Magari yenye injini za FB, yaani Forester zisizo na tabo kuanzia mwishoni mwa 2010, yana cheni na stori hii haiwahusu. Na H6 ya lita 3, boksa ya silinda 6, nayo ni cheni.

Usinunue mkanda peke yake. Nunua seti nzima: mkanda, tensheni ya hidroliki, puli zake zote ikiwemo ile ya meno, pampu ya maji, thamostati, sili ya krenki na sili za kemu. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo. Beringi yake ikikwama mwaka kesho, inaondoka na mkanda mpya. Ile puli ya meno ndiyo ya kuishika mkononi na kuizungusha: ikitoa sauti kavu kama mchanga, ilikuwa imebakiza siku chache.

Makosa matatu ninayoyaona yakirudiwa:

Kwenye giya ya krenki kuna mshale, na kuna mstari mdogo uliochongwa kwenye sahani nyuma ya meno. Alama ya taimingi ni ule MSTARI. Ukifuata mshale, umekosea, na gari litagoma kuwaka au litapinda valvu.

Tensheni ya hidroliki hubanwa ikiwa imesimama, kwenye vaisi, taratibu kwa dakika kadhaa, halafu unaweka pini. Anayeibana kwa nguvu kwa sekunde 5 ameiua kabla haijafungwa. Kelele ya tak-tak wiki ya pili inatoka hapo.

Kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa spana mizunguko 2 kamili na uangalie alama tena. Ukihisi kigumu, simama. Usilazimishe.

---

Nangurukuru_Express

Nakubaliana na fundi ila kwenye pampu ya maji chagueni yenye gasketi ya chuma. Zile zinazokuja na gasketi ya karatasi zinaanza kuvuja mapema. Na thamostati ya bei poa ni ndogo kwa umbo kuliko ya kiwandani, ziweke sambamba utaona mwenyewe. Ya kiwandani inafunguka kwenye nyuzi 78 hivi. Watu wanabadilisha rejeta, wanabadilisha feni, kumbe tatizo ni kile kidude cha bei ya chipsi kuku.

---

Newala_Juu

Tuje kwenye kuchemsha jamani. Huku ukipanda uwanda wa Makonde kutokea upande wa Masasi, ndipo Subaru zinapotajwa vibaya. Ni kweli au ni wivu?

---

Kemia_ya_Rejeta

@Newala_Juu kweli na wivu pia, ngoja tutenganishe.

Kuna injini ambazo gasketi ya hedi ni ugonjwa wa kuzaliwa. EJ25, cc 2457. Toleo la kwanza lenye kemu 4, la miaka ya 1996 hadi 1999, gasketi yake inapasukia ndani: gesi ya moto inaingia kwenye maji, gari linachemsha ghafla mlimani halafu siku inayofuata liko sawa. Toleo lililofuata lenye kemu 2 linavujia nje, unaona oili au kulanti imetambaa chini ya hedi. EJ20 na EJ15 za kutoka Japani, ambazo ndizo nyingi hapa, hazina ugonjwa huo kwa kiwango hicho. Zikichemsha, mara nyingi ni binadamu.

Binadamu kafanya nini? Kabadilisha maji na kuacha hewa ndani. Injini imelala, mifereji ya maji nayo imelala, hewa inajificha kwenye hedi. Sensa ya joto ikiwa kwenye hewa haisomi vizuri, geji inaonyesha salama huku hedi inaungua.

Utaratibu wa kujaza: injini iwe ya baridi kabisa. Paki pua ya gari ikiwa imeinuka. Weka hita ya ndani kwenye moto wa juu. Fungua skrubu ndogo ya kutolea hewa juu ya rejeta. Mimina taratibu, kwenye hozi ya juu kwanza kama unaweza, huku unaiminyaminya ile hozi. Skrubu ikianza kutoa maji bila mapovu, ifunge. Washa, acha ifike joto mpaka feni ziwake na kuzima mara 2, na hita ipulize moto kweli. Zima, iache ipoe, ongeza kilichoshuka. Kwenye gari lenye tabo kuna tanki jingine dogo lililo juu kuliko rejeta, anzia huko. Injini nzima inabeba lita 6 hadi 7. Ukimwaga ukaona umerudisha lita 4 tu na imejaa, hewa imebaki.

Na maji. Visima vya pwani vina chumvi. Ukiyaweka kwenye rejeta ya aluminiamu umeweka dawa ya kuitoboa. Kulanti nusu, maji safi yasiyo na chumvi nusu. Anayekwambia "hapa joto, kulanti ni ya nchi za theluji" haelewi kwamba ile dawa inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka.

Dalili kwamba gasketi imekwenda kweli: asubuhi kabla ya kuwasha, hozi ya juu ni ngumu kama imepuliziwa. Mapovu kwenye chupa ya akiba baada ya mlima. Sauti ya maji kuchururika nyuma ya dashibodi kila unapoanza safari. Ukiwa na moja ya hizi, usiendelee na safari ya Dar ukitegemea dumu la maji. Hedi ikishapinda, bili inazaa.

---

FundiBoksa_Ligula

Kemia amemaliza. Nimalizie upande wa spana tu.

Gasketi ya hedi ya Subaru hubadilishwa zote 2, hata kama imekufa 1. Shusha injini, usihangaike kufanya ikiwa ndani. Nafasi ni ndogo na boliti za chini hutazikaza kwa kipimo. Tumia gasketi za tabaka za chuma. Weka rula ya chuma juu ya hedi na pitisha fila (kipimo cha mwanya): ikizidi milimita 0.05, peleka ikachongwe. Uso wa bloku usafishe kwa kikwaruzo cha plastiki, siyo diski ya grainda. Diski inachimba aluminiamu, na vumbi lake linaingia kwenye beringi za krenki.

Kukaza hedi kuna hatua: unakaza, unalegeza nyuzi 180 mara 2, unakaza upya kwa kipimo kidogo, halafu unamalizia kwa kuzungusha nyuzi 80 hadi 90 mara 2. Boliti zipakwe oili. Fundi asiye na toki renchi anayesema "mkono umezoea", mshukuru na uondoke.

---

IST_Haifi

Mnaona sasa? Nimesema Toyota ulale. Hayo yote ni kubadilisha gasketi.

---

Kilimia_Mikindani

@IST_Haifi kaka hoja yako ina uzito, haina haja ya kuificha. Kwa mtu anayezunguka Mtwara mjini tu, lami mwanzo mwisho, haoni faida ya magurudumu 4 kuvuta. Analipia shafti, difu ya nyuma na mafuta ya ziada bure. EJ20 ya otomatiki isiyo na tabo utapata kama km 7 hadi 9 kwa lita mjini, 10 hadi 12 safarini. Kigari cha cc 1300 kinamzidi mbali.

Lakini mpeleke mtu huyo kwenye njia ya Mtwara, Newala hadi Masasi, km 210, masika yakiwa yamekolea. Mnivata umefika kwa lami. Mbele ya pale, popote ujenzi haujamalizika, udongo ukilowa unateleza kama mlenda. Hapo ndipo mwenye Subaru anaposahau bei ya spea. Kuridhika na gari hili kunategemea njia unayopita kuliko pesa uliyonayo.

---

Mwenetu_Tandahimba

Kwenye mchanga na tope sawa, ila mjue tairi. Hii ndiyo inaua Subaru nyingi na hakuna anayeisema wakati wa kuuza.

Magurudumu yote 4 yanavuta muda wote. Katikati, mkiani mwa gia boksi ya otomatiki, kuna klachi ya sahani nyingi inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiweka tairi 2 mpya mbele na 2 zilizoisha nyuma, mzunguko haulingani. Ile klachi inadhani gari linateleza na inafanya kazi kutwa nzima, inaungua. Tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi karibu milimita 6. Pima kwa futi ya fundi nguo, izungushe kwenye tairi katikati ya kashata. Nunua 4 kwa pamoja, saizi na aina moja, na uzizungushe nafasi kila km 10,000. Forester ya kizazi cha SG isiyo na tabo nyingi ni 215/60R16. Msichanganye na za gari jingine kwa sababu "zimeingia".

Kupima kama klachi imeshakwama: uwanja wa lami, gari likiwa na moto, kunja usukani mpaka mwisho, tembea polepole. Likiganda kama umeshika breki ya mkono, au likirukaruka, ndiyo hiyo. Wakati mwingine ni valvu ya umeme tu, inabadilishwa. Wakati mwingine sahani zimejichonga na inabidi kushusha mkia wote.

---

DadaShangani

Mwenetu asante. Je, ukipata pancha njiani na tairi ya akiba ni ile nyembamba?

---

Mwenetu_Tandahimba

Otomatiki za gia 4 nyingi zina kituo cha fyuzi kilichoandikwa FWD, ndani ya boneti. Kiko wazi. Chomeka fyuzi hapo, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, gari litavuta kwa mbele tu. Tairi nyembamba iwekwe NYUMA. Pancha ikiwa ya mbele, hamisha nzima ya nyuma iende mbele. Ukifika, chomoa fyuzi. Usiliache hivyo kwa mwezi mzima ukidhani unabana mafuta.

---

Lindi_Bandarini

Mmesahau chumvi. Sisi wa Lindi na nyinyi wa Mikindani gari linalala baharini kila siku hata kama halijakanyaga maji.

Impreza na Legacy za zamani zinaoza tao za magurudumu ya nyuma kuanzia ndani kwenda nje. Ukiona rangi imevimba kidogo kama chunusi, ndani kumekwisha. Bomba la kujazia petroli nalo lina kava ya plastiki kwenye tao la nyuma kulia. Tope na chumvi vinakaa nyuma ya kava, bomba linatoboka, unaanza kusikia harufu ya petroli ukijaza tenki. Fungua kava, osha, paka rangi ya kuzuia kutu. Kazi ya nusu saa kila mwaka.

Wanaopeleka magari ufukweni Msimbati: mkirudi osheni chini, siyo bodi. Maji baridi yasiyo na chumvi, dakika 15, ndani ya tao, juu ya difu ya nyuma, kwenye mikono ya saspensheni. Na punguzeni upepo wa tairi mkiingia mchangani, 18 hivi, mrudishe mkitoka. Beringi za magurudumu ya nyuma za Impreza na Forester hizi za kati hazipendi maji ya chumvi. Zinaanza na mvumo kwenye kasi ya 60 ambao watu wanadhani ni tairi. Kunja usukani kidogo kushoto na kulia ukiwa kwenye mwendo. Mvumo ukibadilika, ni beringi.

---

Kemia_ya_Rejeta

Tukiwa chini ya gari, kuna kosa la oili linaloua gia boksi nzima. Kwenye otomatiki ya Subaru, difu ya mbele imo ndani ya nyumba moja na gia boksi LAKINI oili yake ni tofauti. Ina dipstiki yake upande wa kulia wa injini na boliti yake ya kumwagia. Ya gia boksi iko kushoto.

Fundi asiyejua anafungua boliti ya difu akidhani amemwaga oili ya gia, halafu anajaza lita 4 za ATF, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, kupitia kushoto. Matokeo: difu haina tone, gia boksi imefurika. Baada ya siku chache difu inaanza kulia kama mbu, na ikikwama ukiwa kwenye mwendo ni hatari.

Difu ya mbele: lita 1.2 hivi za 75W-90 daraja GL-5. Nyuma: 0.8. Ukifungua tu boliti, nusa na tazama kabla ya kujaza. Oili ya difu inanuka kiberiti, ATF ni nyekundu. Kwenye gia za mkono mambo ni mepesi, difu na gia boksi vinashiriki oili moja, kama lita 3.5. Za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua, msiguse kwa kubahatisha. Oili yake ni maalumu, kiwango kinapimwa kwa joto la nyuzi 35 hadi 45 kupitia boliti ya kufurikia.

---

Mzee_wa_Mingoyo

Vijana, mnajua mnachosema. Ninaomba mtu azungumzie maji ya mafuriko, maana kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara ya Dar kule Somanga, tuliona magari mengi yakijaribiwa.

---

FundiBoksa_Ligula

Shikamoo mzee wangu.

Forester iko juu, kizazi cha SJ kina milimita 220 kutoka ardhini, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Urefu ule ni wa mawe na mashimo. Hedi za boksa ziko chini na pembeni, altaneta iko mbele. Maji yakizidi katikati ya tairi, rudi.

Gari likizimika majini, usijaribu kuwasha hata mara moja. Maji yakiingia silinda hayabanwi kama hewa, mkono wa pistoni unapinda. Livutwe, toa plagi zote 4, ondoa fyuzi ya pampu ya petroli, halafu zungusha starta, maji yatoke ubavuni. Kisha fungua oili ya injini na za difu zote mbili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kupitia mirija ya kupumulia. Mwaga, jaza ya bei nafuu, tembea km chache, mwaga tena, ndipo uweke nzuri.

---

Mzee_wa_Mingoyo

Marahaba. Nimekuelewa.

---

Nangurukuru_Express

Kwa wanaotaka XT na WRX, zile zenye tabo, kwa sababu ya sauti: tabo za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya oktani 100, yetu iko chini ya hapo. Ukiikanyaga kwenye joto na mzigo inagonga, na pistoni za EJ hazivumilii kugonga. Kwenye bomba la oili linalokwenda kwenye tabo kuna boliti yenye kichujio kidogo ndani yake. Kikiziba, tabo inakosa oili na shafti inakufa. Kikaguliwe kila ukibadilisha tabo au ukinunua gari. Oili kila km 5,000, usizidishe.

Na FB za mwanzo, pamoja na raha ya cheni, zilijulikana kwa kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Pima dipstiki kila unapojaza tenki. FB20 inachukua kama lita 4.8, EJ20 kama 4 hadi 4 na nusu. Jaza 4 kwanza, subiri, pima, malizia. Injini iliyolala inachelewa kushusha oili, ukipima haraka utajaza kupita kiasi.

---

Newala_Juu

Shokapu za nyuma za Forester SG vipi? Naambiwa zina bei ya maajabu.

---

Lindi_Bandarini

Baadhi ya SG zina shokapu zinazojiinua zenyewe ukipakia mzigo. Ndizo hizo za bei. Ukitaka kuweka za kawaida inaruhusiwa, ila lazima ubadilishe na springi. Springi zake ni laini kwa sababu shokapu ilikuwa inabeba sehemu ya mzigo. Ukiweka shokapu ya kawaida na springi zilezile, matako ya gari yanakaa chini, halafu utamlaumu aliyekuuzia.

Spea zenyewe ndugu zangu ni Kariakoo na Ilala, zinakuja na basi la usiku. Tuma namba ya chasisi, siyo "Forester ya 2004". Mwaka mmoja unaweza kuwa na aina 2 za kitu kilekile. Anayekataa namba ya chasisi na kutaka picha tu anakubahatishia.

---

DadaShangani

Nimekuta stika ndani ya boneti, karibu na kava ya mkanda. Maandishi ya Kijapani, halafu 25.11 na chini yake 98,400km. Ni nini?

---

FundiBoksa_Ligula

@DadaShangani hiyo ni stika ya gereji ya Japani, huandika siku waliyobadilisha mkanda. Hiyo 25 ni mwaka wa enzi ya Heisei. Ongeza 1988, unapata 2013. Kwa hiyo Novemba 2013, gari likiwa km 98,400. Ukikuta R mbele ya namba, ni Reiwa, ongeza 2018.

Odomita yako sasa inasomaje?

---

DadaShangani

91,000.

---

FundiBoksa_Ligula

Basi imerudishwa nyuma dada. Agiza seti nzima ya mkanda kesho, na km 91,000 hizo usizihesabu kwenye lolote.